Faiba, 5G au Dishi? Jinsi ya Kulinganisha Intaneti ya Nyumbani Nairobi

Mpangaji anayehamia Roysambu, Donholm au Kilimani hukuta vipeperushi vya kampuni za intaneti vimesukumwa chini ya mlango kabla hata hajafungua mizigo. Kila kimoja kina tarakimu kubwa ya kasi, tarakimu ndogo ya bei na nambari ya simu ya wakala. Safaricom, Faiba ya Jamii Telecommunications, Zuku, Poa, 5G ya Airtel, dishi la Starlink: soko limepanuka hadi mtu aliyezoea kununua data ya simu peke yake hajui aanzie wapi.

Upana huo ni neema. Hadi 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na kebo hata moja ya faiba chini ya bahari, na intaneti ya kimataifa ilipitia setilaiti kwa gharama ambayo familia ya kawaida isingeweza kuimudu. Mwaka huo zilifika Mombasa kebo mbili: SEACOM, na TEAMS inayounganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu. EASSy ikafuata mwaka 2010. Kuanzia hapo kampuni zikaanza kuvuta faiba mtaa kwa mtaa.

Hata hivyo, wingi wa huduma humfaa anayejua kuzilinganisha. Wateja wengi hutazama kasi iliyotangazwa na bei ya mwezi, basi, wakaamua. Kuna maswali matatu yanayotoa jibu bora zaidi: ni huduma zipi zinazofika mlangoni pako, kila moja itakugharimu kiasi gani kwa mwaka mzima, na itakuwaje saa mbili usiku, jengo zima likiwa mtandaoni.

Anza na jengo

Nairobi, huduma inaweza kuwepo katika ghorofa moja na ikakosekana katika ghorofa inayotazamana nayo ng'ambo ya barabara. Kampuni ya faiba ikitaka kuingia katika jengo, lazima iafikiane na mwenye jengo, ifunge kisanduku cha kugawia, kisha ipitishe waya hadi kwenye kila mlango. Baadhi ya wenye majengo huruhusu kampuni moja tu. Mpangaji wa jengo la aina hiyo hana la kulinganisha, labda aende kwa 5G au dishi.

Kwa hiyo anayetafuta nyumba na anayejua kwamba kazi yake au masomo ya wanawe yanategemea intaneti aulize kabla ya kulipa kodi na amana. Mtunza jengo atakuambia ni kampuni zipi zimeingia. Jirani wa ghorofa hiyo hiyo atakuambia jambo kubwa zaidi: mara ya mwisho huduma ilikatika lini, na ilichukua muda gani kurudi. Kampuni ile ile inaweza kuwa na mafundi wepesi mtaa mmoja na wazito mtaa mwingine, hivyo sifa ya jumla ya kampuni haitoshi.

Usichukue ramani ya mtandaoni kuwa ahadi. Ramani huonyesha eneo lililofikiwa. Haionyeshi kama kisanduku cha jengo lako bado kina nafasi ya kumwunganisha mteja mwingine. Mwombe wakala athibitishe hilo kwa kutaja jina la jengo na nambari ya nyumba.

Aina za huduma na bei zake

Faiba ndiyo huduma thabiti zaidi pale inapopatikana. Data husafiri kama mwanga ndani ya uzi wa kioo, na mvua au wingi wa simu mtaani hauugusi mwanga huo. Udhaifu wake uko barabarani: nyaya nyingi za Nairobi zimetundikwa kwenye nguzo za Kenya Power, na lori refu, tingatinga la mkandarasi au nguzo iliyoanguka hutosha kuzima mtaa mzima.

Bei za Safaricom, kampuni inayoongoza soko la intaneti ya nyumbani nchini, zinafaa kuwa kipimo cha kulinganishia nyingine. Septemba 2024 iliongeza kasi bila kupandisha bei. Kifurushi cha Bronze kilitoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 15 kwa shilingi 2,999 kwa mwezi. Silver kutoka 20 hadi 30 kwa shilingi 4,100. Gold kutoka 40 hadi 80 kwa shilingi 6,299. Na Diamond kutoka 100 hadi 500 kwa shilingi 12,499. Juu ya hivyo kikawekwa Platinum, gigabiti 1 kwa sekunde, kwa shilingi 20,000. Ukiwa na kipeperushi cha kampuni nyingine mkononi, kiweke kando ya orodha hii uone kinapungua wapi na kinazidi wapi. Zuku, kwa mfano, imezoea kuuza intaneti pamoja na televisheni, kwa hiyo familia inayolipia chaneli ijumlishe malipo yote mawili kabla ya kuamua.

Katika mitaa ambayo kampuni kubwa zilichelewa kufika, kama Kibera, Kawangware na Jericho, Poa ilijijengea jina kwa intaneti isiyopimwa kwa gigabaiti, kwa takriban shilingi 1,500 kwa mwezi. Hurusha mawimbi kutoka mnarani hadi kwenye antena iliyofungwa juu ya paa. Kasi yake ni ya chini kuliko ya faiba, lakini kwa nyumba yenye simu mbili tatu na kompyuta moja ya mwanafunzi, bei hiyo huwa na thamani kubwa kuliko kasi ambayo haingetumika.

5G ya nyumbani ni rauta yenye laini ya simu ndani. Safaricom ilianza kuuza huduma hii Oktoba 2022, Airtel ikafuata Julai 2023. Faida yake ni wepesi: hakuna waya wa kuvuta, hakuna ruhusa ya mwenye jengo, na ukihama unabeba rauta yako, mradi unakokwenda kuna mawimbi. Kasoro yake ni kwamba mnara mmoja huhudumia kila mtu aliye karibu. Saa nne asubuhi rauta itakwenda mbio. Saa mbili usiku mambo yanaweza kuwa tofauti kabisa. Mahali pa kuiweka pia ni muhimu. Karibu na dirisha linaloelekea mnarani inaweza kufanya kazi vizuri, kisha ukiipeleka nyuma ya ukuta wa zege ikarudi kwenye 4G.

Dishi la Starlink liliingia Kenya Julai 2023. Setilaiti zake huzunguka kilomita zipatazo 550 juu ya ardhi, ilhali setilaiti za zamani za mawasiliano ziko karibu kilomita 36,000, kwa hiyo mazungumzo ya video hayasumbuliwi na ule ucheleweshaji wa zamani. Lakini dishi linataka anga wazi. Mwenye nyumba ya peke yake Ruai au Ongata Rongai anaweza kulifunga juu ya paa akatulia. Mpangaji wa ghorofa ya pili Pipeline, ambaye roshani yake inatazama ukuta wa jengo la pili, hatapata kitu. Tena setilaiti hugawana uwezo wake kwa eneo: Novemba 2024 Starlink ilisimamisha usajili mpya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, na ikaufungua tena Juni 2025.

Fanya hesabu ya mwaka

Bei ya mwezi huficha mengi. Chukua kalamu, uandike gharama ya kuunganishwa, bei au kodi ya kifaa, na malipo ya miezi 12, kisha ujumlishe.

Agosti 2024 Starlink ilianza kuwakodisha Wakenya dishi kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, badala ya kulinunua kwa shilingi 45,500, pamoja na ada ya kuanzia ya shilingi 2,700. Wakati huo huo kilitangazwa kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300. Tarakimu hiyo ya 1,300 ndiyo iliyosambaa mitandaoni, na wengi wakaiona kuwa nafuu kuliko Bronze ya 2,999. Sasa jumlisha. Kodi ya dishi na kifurushi ni shilingi 3,250 kwa mwezi, yaani 39,000 kwa mwaka; ongeza ada ya kuanzia upate 41,700. Bronze kwa mwaka ni shilingi 35,988, na mteja wa Bronze halipii kwa gigabaiti. Gigabaiti 50, kwa makadirio ya Netflix yenyewe ya hadi gigabaiti 3 kwa saa ya picha safi, ni kama saa 16 za kutazama kwa mwezi mzima. Watoto wakiwa likizo, hizo huisha kwa siku chache.

Hesabu hiyo hiyo inaweza kugeuka. Mahali ambapo faiba haijafika, 41,700 zinaweza kuwa ndizo fedha zinazomwezesha mtu kufanya kazi akiwa nyumbani kwake. Ndiyo maana swali la jengo linatangulia swali la bei.

Kuna mtego mwingine kwenye ngazi za vifurushi. Ukigawa bei kwa kasi, Bronze ni kama shilingi 200 kwa kila megabiti, Silver kama 137, Gold kama 79 na Diamond 25. Muuzaji hodari atakuonyesha mteremko huo na kukushawishi upande. Lakini kutoka Bronze hadi Gold ni shilingi 3,300 zaidi kila mwezi, karibu 40,000 kwa mwaka, na fedha hizo zinatoka mfukoni hata kama kasi iliyoongezeka haitumiki.

Kasi gani inatosha?

Kwanza tenganisha megabiti na megabaiti. Kasi huuzwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Laini ya megabiti 15, ikiwa katika hali yake bora, hupakua chini kidogo ya megabaiti 2 kwa sekunde, kwa hiyo faili la gigabaiti 1 huchukua kama dakika tisa. Anayejua hivyo hatadhani ameibiwa kila anapoona kompyuta ikiandika 1.8.

Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha safi ya kiwango cha 1080 na megabiti 15 kwa picha ya 4K. Mkutano wa Zoom wenye picha safi huhitaji kati ya megabiti 3 na 4, kwenda na kurudi. Chukua familia ambayo jioni baba anatazama mpira kwenye televisheni, mama yuko mkutanoni, binti anatazama masomo ya video na mvulana yuko kwenye simu. Tano, nne, tano, na tatu za simu: jumla ni 17. Bronze itakwama mara kwa mara, Silver itawatosha na akiba ikabaki. Kijana anayeishi peke yake na kufanya kazi za maandishi mtandaoni hahitaji kuzidi Bronze.

Uliza pia kasi ya kupakia, yaani ya data inayotoka kwako. Vipeperushi hutaja ya kupakua tu, ilhali mhariri wa video, mwalimu anayefundisha mtandaoni au mpiga picha anayetuma kazi kwa mteja wake Dubai au London anategemea ya kupakia. Faiba nyingi hutoa kasi zinazokaribiana pande zote mbili. 5G na dishi hupakia polepole zaidi kuliko zinavyopakua.

Na hata panapoandikwa kwamba huduma haina kikomo, omba kusoma kanuni ya matumizi ya haki. Mara nyingi husema kwamba ukifikisha kiasi fulani cha gigabaiti kwa mwezi, kasi itashushwa hadi mwisho wa mwezi. Ijue tarakimu hiyo, na ujue kasi itashuka hadi wapi.

Kipimo cha saa mbili usiku

Huduma ikishafungwa, ipime kabla fundi hajaondoka, kisha uipime mwenyewe kwa siku kadhaa kati ya saa mbili na saa nne usiku. Speedtest ya Ookla mara nyingi hupima safari ya kwenda kwenye seva iliyo karibu nawe, fast.com ya Netflix hupima safari ya kwenda kwenye seva za Netflix. Tumia zote mbili. Moja ikitoa 30 na nyingine 6, njia ya kufika kwako ni nzima na msongamano uko mbele zaidi.

Pima kwa waya. Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa kebo, na usipime kwa Wi-Fi kutoka chumbani. Malalamiko mengi ya intaneti mbovu huwa ni malalamiko ya Wi-Fi, na hayo hayatibiwi kwa kununua kifurushi kikubwa.

Rauta nyingi hurusha masafa mawili. La gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya kuta, lakini lina njia tatu tu zisizogongana, ya 1, ya 6 na ya 11, na katika jengo la nyumba 60 kila mtu anazigombania hizo tatu. La gigahezi 5 lina nafasi na kasi zaidi, ila hudhoofika haraka likikutana na ukuta. Televisheni na kompyuta zilizo karibu na rauta ziunganishwe na la 5, vifaa vya vyumba vya mbali vibaki kwenye 2.4. Rauta iwekwe mahali pa wazi na pa juu, katikati ya nyumba. Nyuma ya televisheni au ndani ya kabati inakosa hewa na mawimbi yake yanazuiwa.

Kabla ya kupanda hadi kifurushi kikubwa, tazama pia matundu ya rauta. Yakiwa ya megabiti 100, kama yalivyo kwenye rauta nyingi za zamani, laini ya megabiti 500 itafika kwenye kompyuta yako ikiwa chini ya 100.

Kijitaa chekundu na stima iliyopotea

Kwenye kifaa cha faiba kuna vijitaa viwili vya kuvijua. Kimoja kimeandikwa PON, na kikiwa kijani bila kumeta mwanga unafika vizuri. Kingine kimeandikwa LOS. Kikiwaka au kumeta chekundu, mwanga haufiki. Kuzima na kuwasha rauta mara kumi hakutasaidia. Angalia kama ule waya mwembamba umekunjwa kwa nguvu nyuma ya meza au umebanwa na mlango, kwa kuwa uzi wa kioo ukipindwa sana hupoteza mwanga. Kama uko sawa, pigia kampuni na umwambie wa huduma kwa wateja moja kwa moja kwamba LOS ni nyekundu. Hapo hutalazimika kupitishwa kwenye maagizo ya kuzima na kuwasha. Kinachotakiwa ni fundi.

Stima nayo ina sehemu yake. Ijumaa ya 25 Agosti 2023 Kenya karibu yote iliingia gizani, na kukatika kwa muda mfupi ni jambo la kila mara mitaani. Rauta ya faiba hutumia umeme kidogo, hivyo betri ndogo inayotengenezwa kwa ajili ya rauta huiweka hewani kwa saa kadhaa. Linganisha volti na ampea zilizoandikwa chini ya rauta na zile za betri kabla ya kununua. Dishi la Starlink la kawaida hutumia wati zipatazo 75 hadi 100, na betri hiyo haiwezi kulibeba. Linahitaji inveta au sola. Gharama hiyo nayo iingie kwenye hesabu ya mwaka.

Hakuna laini isiyokatika. Jumapili ya 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na huduma ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda kwa pamoja. Anayepata riziki yake mtandaoni awe na njia ya pili iliyo ya aina tofauti na ya kampuni tofauti: mwenye faiba ya kampuni moja aweke laini ya simu ya nyingine yenye data kidogo. Faiba mbili zinazopita kwenye nguzo moja zitakatwa na lori moja.

Kabla ya kulipa

Muulize wakala mambo haya, na majibu ayaandike kwenye ujumbe wa simu. Bei hii ina VAT ya asilimia 16 ndani yake au itaongezwa? Rauta ni yangu au nitairudisha, na ikiharibika nani anailipia? Kuna mkataba wa miezi mingapi? Nikihama mtaa, kuhamishiwa huduma ni shilingi ngapi, na kama hamjafika huko itakuwaje? Ikikatika siku tatu, nitarudishiwa siku hizo?

Lipa kwa paybill ya kampuni, kamwe usitume kwa nambari binafsi ya wakala. Jihadhari pia na anayekuuzia intaneti ya bei ya chini kwa waya aliouvuta kutoka nyumba ya jirani. Sheria ya mawasiliano ya Kenya ya 1998 inamtaka muuzaji wa huduma awe na leseni, na asiye nayo akikatiwa, wewe hutakuwa na wa kumdai.

Huduma ikiwa mbovu, peleka malalamiko kwa kampuni kwanza na utunze nambari ya malalamiko pamoja na picha za vipimo vyako vya usiku zenye tarehe na saa. Wasipokutatulia, ipelekee Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya faili hilo lote.

Mwaka ukiisha, rudia hesabu. Safaricom iliongeza kasi Septemba 2024, mwezi mmoja tu baada ya Starlink kuanza kukodisha madishi, na wanaofaidi haraka zaidi katika ushindani wa namna hiyo ni wateja wanaouliza. Piga simu, taja bei ya mshindani aliyeingia katika jengo lako, uulize kama kifurushi chako bado kinauzwa kwa wateja wapya na kwa kasi gani. Ukiambiwa mteja mpya anapewa zaidi kwa bei ile ile unayolipa, omba uhamishiwe siku hiyo hiyo, na usiku uipime tena.